Kalisti wa Langoni

– Pole kwa msiba, Ba Edina.

Edina aliinua macho kutoka kwenye cherehani. Mlangoni alisimama Ba Osea, dereva wa lori kutoka Ndola, ambako kila mtu wa kuheshimiwa huitwa "ba", mwanamume hata mwanamke, kofia kaishika kifuani kama mtu aliyefika matangani.

– Msiba gani, Ba Osea?

– Kalisti. Jana wamemuua. Mkuki wa mgongo.

Mguu wa Edina ukaganda kwenye pedali. Kalisti lilikuwa jina la baba yake, na baba yake alizikwa Ivuna kabla hata Edina hajahamia Tunduma kushona vitenge. Mtu hafi mara mbili.

– Baba yangu keshakufa zamani. Umekunywa?

– Awe, mukwai. La, mama, sisemi yule wa kaburini. Nasema yule wa langoni. Wa mchezo.

Edina alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake.

Sasa wewe unayesoma, usimcheke mpaka uujue mchezo wenyewe. Mwaka ule wa 2013 foleni ya malori mpakani ilikuwa haisogei. Madereva walikaa mpaka wakachoka karata, wakachoka na bia. Lucky, mchumba wa Edina, kijana wa milima ya Ileje aliyekuwa karani kwa wakala mmoja wa forodha, akaokota upande wa Zambia, Nakonde, mchezo wa mezani. Mmoja anakuwa msimulizi. Wengine kila mtu anajitwalia mtu wake: mwizi, mganga, mwanajeshi. Msimulizi anawatembeza katika nchi ya kubuni, anawaambia wanachokiona, nao wanasema wanachofanya. Ukitaka kuruka ukuta, unatupa dadu. Dadu ikikukataa, umevunjika mguu.

Lakini bila nchi ya kutembea, mtasimuliana nini? Nchi aliitengeneza Edina. Aliiita Munyu, yaani chumvi kwa lugha ya kwao, akaishona kwa nyuzi za rangi juu ya kipande cha turubai la lori. Nyumba za Munyu ni za matofali ya chumvi, ndiyo maana sheria ya kwanza ya nchi inakataza mtu kulia ndani ya nyumba. Wafu wake wanalazwa ndani ya chumvi. Nje ya lango kuu kuna kisima, maji yake hayanyweki kwa chumvi. Na langoni amesimama mzee Kalisti, anamuuliza kila mgeni swali moja: "Umekuja na kiu ya nani?" Ukisema kweli, unapita. Ukidanganya, anakuonyesha kisima.

Swali hilo lilikuwa la baba yake hasa. Ndivyo alivyokuwa akiwatania wachuuzi waliofuata chumvi yake Ivuna. Edina alimweka pale langoni ili aendelee kumsikia, basi. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na hiki kiliundwa kwa machozi.

– Nani kamuua? aliuliza.

– Yule binti wa ofisini kwa Ba Lucky. Jenista. Anacheza Malkia.

– Munyu haina malkia!

– Sasa inaye. Lucky kamtawaza. Kuna mgeni wa Lusaka, anatengeneza drafti na ludo za kuuza kwenye maboksi, kaja kuutazama mchezo huu aununue. Lucky alitaka mgeni aone damu kidogo. Mimi nikasema, huyu mzee hauawi. Akaniambia ninyamaze, nchi ni yake.

– Alisema nchi ni ya nani?

Ba Osea aliitazama kofia yake.

– Yake. Wewe alisema ni fundi tu. Wa kumshonea ramani.

Edina akapiga simu. Iliita sana kabla haijapokelewa.

– Mpenzi, nipo kwenye kikao, nitakupigia.

– Nani kamuua baba yangu?

– Edina, ule ni mchezo.

– Nimekuuliza nani.

– Nitakueleza jioni. Usije huku, tafadhali. Jumamosi wazee wangu wanakuja kwenu kusikia jibu la barua, tusiharibu mambo kwa kitu kidogo.

Akakata. Kabla Edina hajashusha pumzi, meseji ikaingia: "Mpz usikasirike nafanya kwa ajili ye2. usije gereji plz mgeni ni mtu mkubwa. nakupnda."

Kitu kidogo! Edina aliokota mkasi wake mkubwa wa kukatia vitenge, akautazama, akaurudisha mezani. Aliona heri aende mikono mitupu.

– Ba Osea, twende.

Gereji ilikuwa nyuma ya maegesho ya malori. Walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha tela, kuzunguka meza ya plastiki. Kitini kwa msimulizi alikuwa Lucky, shati jeupe limepigwa pasi. Kulia kwake mgeni, mzee Efraimu, koti la suti na viatu vya kung'aa. Kushoto alikaa Jenista, kavaa taji la karatasi ya kung'aa ya biskuti, na kando yake Makene, dereva Msukuma mwenye mwili wa kujaza mlango, amenuna. Katikati ya meza, turubai lake. Mtu alikuwa ametua chupa ya soda juu ya lango kuu.

Edina aliitoa ile chupa, akaiweka chini.

– Hamjambo?

– Hatujambo, alisema mzee Efraimu. – Ndiye nani huyu, bwana Lucky?

Lucky alicheka kicheko cha mtu anayekanyaga moto.

– Huyu ndiye yule fundi niliyekuambia. Amekuja kuangalia kazi yake.

– Sema tena, Lucky.

– Edina, tuongee pembeni.

– Pembeni ndiko ulikoniweka. Sema hapa. Kalisti ni nani?

– Ni mlinzi wa lango.

– Ni nani?

Lucky alishusha sauti, akasogea karibu.

– Nani alikufundisha huu mchezo? Nani aliwatafuta hawa madereva, akawashawishi mmoja mmoja? Na wewe ndiye uliyesema usitajwe! Uliogopa kwaya yenu isikie unacheza dadu, wakuite mcheza kamari. Nimekusemea mwaka mzima, leo nimekuwa mwizi?

Lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Ni yeye aliyemwambia Lucky, "Sema wewe, mimi naona haya." Lakini kusema kwa niaba ya mtu na kumfuta mtu ni mambo mawili.

– Nilikuomba unisemee. Sikukuomba uniuzie baba. Angekuwa baba yako aliyetobolewa mgongo, ungemwita mlinzi wa lango? Mkuki kwa nguruwe, Lucky!

– Mimi sikujua ni baba yako, dada, alisema Jenista. Taji lilikuwa limemwinamia sikioni. – Aliniambia ni kikwazo tu, nimwondoe.

– Alijua yeye, alisema Makene. – Nilimwambia jana, "Huyo ni mzee wa Edina, muache." Akasema bila damu boksi halinunuliwi.

Mzee Efraimu alimtazama Lucky, akamtazama Edina.

– Kwani kuna mgogoro wa umiliki hapa?

– Hakuna, mzee, alisema Lucky haraka. – Mambo ya wapenzi tu. Tuendelee.

Mambo ya wapenzi tu! Edina alihisi hasira ikimpanda kutoka unyayoni. Alivuta kiti, akakaa.

– Naomba chumvi.

Mezani pale sheria ilikuwa moja: anayeshika usimulizi analamba chumvi kwanza, na atakalolisema na chumvi ulimini halifutwi na mtu. Mchezaji yeyote anaweza kuiomba. Wachezaji wenzake wakikubali, msimulizi ananyanyuka.

– Huwezi, alisema Lucky. – Wewe si mchezaji wa leo.

– Mimi nakubali, alisema Ba Osea.

– Hata mimi, alisema Makene.

Jenista alisitasita. – Na mimi.

Lucky alimgeukia mgeni, mgeni akawa anafuta miwani. Akanyanyuka. Ba Osea akachovya kidole kwenye kibakuli, akamwekea Edina chumvi ulimini kwa adabu, mkono wa pili kaushika kiwiko cha wa kwanza.

– Malkia yuko wapi? aliuliza Edina.

– Kasrini, juu ya kiti changu, alisema Jenista. Sauti ilikuwa imempungua.

– Umeketi. Kuna wingu nyuma ya milima. Jeusi. Munyu haijawahi kuona mvua tangu iumbwe, kwa hiyo watu wanatoka nje kuishangaa. Tone la kwanza linaanguka kwenye ukuta. Ukuta unatoboka.

– Nakimbilia ndani!

– Ndani kumejengwa kwa nini?

Jenista akafumba macho. – Chumvi.

– Tupa dadu.

Ikaangukia mbili.

– Dari limekumiminikia mabegani. Unaogelea kwenye kasri lako mwenyewe. Mji wa kwanza umekwenda. Wa pili umekwenda. Kaburi alimolazwa mzee Kalisti limekuwa maji.

– Edina, unaiua nchi! Lucky alipiga meza. – Mzee Efraimu kaja kuinunua, wewe unaiua!

– Si ni yako? Izuie basi.

Lucky aliinamia turubai. Kwao Ileje mvua ikinyesha, maji hushuka bondeni yakaenda zake, na yaliyobebwa yamebebwa. Kwake nchi ilikuwa imekwisha.

– Na sisi? aliuliza Makene. – Tumekufa?

– Wewe na Ba Osea mko juu ya jabali. Mnachokiona ni maji tu, mpaka macho yanapoishia.

Mzee Efraimu alianza kufunga koti lake.

– Haya. Nimevuka mpaka kuja kuangalia mafuriko.

– Kaa, mzee, alisema Ba Osea. Hakumwangalia hata. Macho yake yalikuwa kwa Edina. – Halafu?

– Halafu kiangazi. Kwetu Ivuna, Ba Osea, maji hayaendi popote. Yanakaa pale pale mpaka jua liyamalize. Jua likishayamaliza, chini kunabaki nini?

– Chumvi, alisema Makene polepole.

– Chumvi. Nyeupe kuliko ya kwanza. Matofali yamerudi, kuta zimerudi. Na mzee aliyeyeyuka na chumvi yake, karudi nayo. Mnashuka jabalini. Langoni kuna mtu kasimama.

Ba Osea aliivaa kofia yake kichwani.

– Asante, mukwai, alisema.

Edina alinyoosha mgongo. Sauti iliyomtoka ilikuwa nzito kidogo, yenye kukokota maneno, sauti ya Ivuna.

– Nyote mko nje. Mnaotaka kuingia, njooni mmoja mmoja. Mzee wa Lusaka, umekuja na kiu ya nani?

Mzee Efraimu alikohoa, akatabasamu kwa haya.

– Ya biashara, mzee wangu. Sitakuficha.

– Pita. Ukitaka kuuza, utaongea na binti yangu. Wewe, mwanangu?

– Mimi nilitaka tu niwe malkia, alisema Jenista. – Hakuna aliyewahi kuniambia niwe.

– Pita. Taji liache hapo nje.

Jenista akalivua, akaliweka chini karibu na chupa ya soda. Ikabaki zamu ya Lucky. Alisogeza kiti, akaegemea meza, akalegeza macho kama alivyoyalegeza siku ile ya kwanza alipoleta suruali kupunguzwa.

– Umekuja na kiu ya nani?

– Yako, Edina. Tangu mwanzo, yako peke yako. Wote hawa wasikie.

Maneno hayo angeyasikia jana, mbele za watu, angeruka kwa furaha. Alimpenda huyu mtu, na hata sasa alikuwa anampenda, ndicho kilichomuuma.

– Edina hayupo hapa. Unaongea na baba yake, uliyemtoboa mgongo ili mgeni afurahi. Nauliza mara ya mwisho.

Lucky alimtazama mzee Efraimu kwanza. Jicho lilikwenda na kurudi haraka, lakini meza nzima ililiona.

– Ya binti yako, mzee.

Makene aligeuza uso pembeni.

– Kisima kipo nje, alisema Edina. – Kanywe.

– Edina, acha utani. Na Jumamosi je? Wazee wangu wameshajiandaa!

– Wazee wako nawaheshimu, sitawasumbua na safari. Leo hii mjomba wangu atairudisha barua kwa mshenga.

Lucky alisimama, akawatazama mmoja mmoja, anangoja mtu acheke aseme basi yamekwisha. Hakuna aliyecheka. Akachukua simu yake mezani, akaondoka akipita katikati ya malori.

Machozi yakamtoka Edina. Hakuyafuta. Walikuwa nje, na sheria ya Munyu inakataza kulia ndani tu.

– Lango je, mukwai? aliuliza Ba Osea taratibu.

– Limefungwa.

Edina akamsogezea Ba Osea dadu.

– Ukitaka kulifungua, tupa. Zamu yako.