Ukuta wa Nne wa Bafu

Kila asubuhi Kavetsa alipanga foleni ya bafu akiwa na beseni la maji ya uvuguvugu na kipande cha sabuni. Ploti yao ya kupanga, mtaani Kawangware, ilikuwa na vyumba kumi na bafu moja, kwa hiyo aliyechelewa kuamka alikwenda shuleni na uso wa usingizi. Watu walisimama na mataulo mabegani, wakilaumiana kwa sauti ya chini. Huyu amekaa sana ndani, yule amemwaga maji ya mwenzake, mtoto wa fulani ameacha povu sakafuni.

Mwaka ule wa 1976 lawama zilipata jambo jipya, nalo lilikuwa kuta za bafu lenyewe.

Kuta hizo zilikuwa za udongo, lakini kwa ndani zilivikwa karatasi ya ukutani, ile ya nyumba za Wazungu, yenye ndege wa buluu waliotua juu ya matawi. Aliyeibandika ni Jentrix, mama yake Kavetsa. Alikuwa akifua nguo katika nyumba moja ya Wazungu huko Lavington, na wenye nyumba walipofunga virago kurudi kwao miaka michache baada ya uhuru, walimwachia mabunda matano yaliyobaki. Jentrix hakuyapeleka chumbani mwake. Aliyapeleka bafuni, kwa kuwa udongo ulikuwa ukiwarukia waogaji miguuni. Alipika uji mzito wa unga wa ngano, akaufanya gundi, akabandika. Watu wa ploti za jirani walikuja kuchungulia.

Sasa Jentrix alikuwa amezikwa kwao Maragoli, huu mwaka wa pili, na ndege wake walikuwa wamezeeka. Karatasi ilikuwa imevimba na kuchanika, kuvu nyeusi imepanda hadi usawa wa kiuno, na mende walioupenda ule uji wa ngano walikuwa wamezaana nyuma yake.

"Ukitoka utuambie mende wangapi wamekusalimia," Aoko alimwambia Kavetsa asubuhi moja kwenye foleni. Walikuwa darasa moja na hawakupendana.

"Kwenu hamjawahi kubandika hata gazeti," Kavetsa akajibu.

"Kwetu hatubandiki. Kwetu tunaosha."

Foleni nzima ikacheka. Kavetsa aliingia, akafunga mlango kwa kishindo, na kipande cha karatasi kikamwangukia kichwani.

Mama Aoko naye hakumung'unya maneno. Mtoto wake mdogo alikuwa akikohoa tangu mvua zianze, na alimwambia kila aliyekuwa na masikio kwamba kikohozi kile kilitoka bafuni. Mwishowe akamwita bwana afya, mkaguzi wa serikali. Bwana afya alikuja, akainua ncha ya karatasi kwa kalamu yake, na mende watatu wakamwangukia kiatuni. Alimpa Kiragu, msimamizi wa ploti, wiki tatu. Karatasi itoke na kuta zipigwe plasta ya saruji, ama sivyo bafu lifungwe.

Kazi hiyo Kiragu alimpa Shivachi, baba yake Kavetsa, lakini hakumpa kwa upole. Alimwita uani mbele ya wapangaji wote. Alisema mwenye ploti ana ploti nyingine tatu zenye bafu bovu kama hili. Shivachi akifanya vizuri, zote ni zake. Akiharibu, asionekane tena na mwiko hapa. Shivachi aliitikia kwa kichwa. Kwa miaka minane alikuwa amewachanganyia mafundi wengine saruji na kuwabebea karai. Hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kumpa kazi kama fundi.

Shule zilikuwa zimefungwa. Kwa kuwa mchana alikwenda mjengoni kwenye kibarua chake, Shivachi alimwachia bintiye maandalizi.

"Bandua yote," alimwambia. "Halafu kwaruza ile gundi mpaka uone udongo mkavu. Mashimo yazibe kwa udongo mpya. Plasta haishiki uongo."

"Lakini hiyo ni karatasi ya Mama."

"Ni karatasi ya bafu," alisema Shivachi, akachukua koti lake akaondoka. Tangu mazishi hakupenda kulisikia jina la mkewe, na Kavetsa alikuwa amemchukia kwa hilo, chuki ya kimya, kama jiwe ndani ya kiatu.

Alibandua kuta tatu kwa siku mbili. Haikuwa kazi ngumu. Karatasi ilitoka kama ngozi ya kidonda, na mende wakatawanyika uani, wanawake wakiwakanyaga kwa ndara huku wakimtania. Mmoja aliuliza kama ndege hawa hutaga mayai. Aoko alizikusanya karatasi kwa kijiti, akiwa ameziba pua, akazichoma moto.

Ukuta wa nne ulikuwa nyuma ya mlango. Maji hayakuufikia sana, na pale ndege walikuwa bado buluu. Kavetsa aliweka kisu kwenye ncha ya karatasi, akakiondoa. Aliweka tena, akakiondoa. Alimkumbuka mama yake amesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa, unga umemganda kwenye viwiko, akimwambia ashike chini, anyooshe, asiache mkunjo.

Kisha wazo likamjia.

Kwao Maragoli kukandika nyumba ni kazi ya wanawake, na mama yake alikuwa amemfundisha mapema: kuchagua udongo, kuukanda kwa miguu mpaka ulainike, kuupaka kwa kiganja, na mwisho kupitisha ncha za vidole kwa mapinde, moja juu ya jingine, ukuta upate sura. Kavetsa alichota udongo mwekundu, akaukanda, akaupaka juu ya karatasi bila kuibandua. Ndege wakatoweka mmoja mmoja. Hakuwa na nia ya kumdhuru mtu. Alitaka wabaki tu, hata kama hakuna atakayewaona.

Jioni baba yake alirudi, akapapasa kuta.

"Umebandua yote?"

"Yote, Baba."

Shivachi alisimama mbele ya ukuta wa nne. Akayatazama yale mapinde ya vidole. "Mkono wako ni wa mama yako," alisema.

Lilikuwa neno la kwanza jema alilomwambia kwa muda mrefu, na lilimchoma Kavetsa kuliko kofi. Angeweza kusema pale pale. Hakusema. Baba yake akachanganya saruji, na siku zilizofuata, kila atokapo mjengoni, akapiga plasta ukuta baada ya ukuta mpaka wa nne.

Bafu lilikaushwa wiki nzima, kisha likafunguliwa. Kuta zilikuwa nyororo, za kijivu, na hata waliozoea kulalamika walikosa la kusema. Bwana afya alitarajiwa Ijumaa.

Jumatatu asubuhi, Aoko akiwa anaoga, ploti nzima ilisikia mshindo. Halafu ikasikia kilio.

Pande la plasta kubwa kama meza lilikuwa limeanguka kutoka nyuma ya mlango. Lilimpata Aoko mguuni. Mama yake alimtoa amemfunika kwa taulo, kidole gumba kikichuruzika damu, akamkalisha kizingitini. Kisha alirudi bafuni, akatoka na kipande cha plasta, akakigeuza ili kila mtu aone mgongo wake. Kwenye udongo ulioshikana na saruji, karatasi ilikuwa imeng'ang'ania, ncha yake imekunjuka. Ndege wa buluu.

"Tazameni kazi ya fundi wetu," alisema.

Hakuna aliyehitaji maelezo. Watu walitoka vyumbani wakamzunguka Shivachi, aliyekuwa bado amevaa fulana ya ndani. Mmoja alimwita mvivu. Mwingine alisema mchanganya saruji ni mchanganya saruji tu, ukimvika jina la fundi hawezi kulibeba. Kiragu alikuja mikono nyuma, akautazama ukuta, akamtazama Shivachi.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Uliniambia umebandua."

Shivachi alikipokea kile kipande cha plasta. Alikitazama. Kavetsa, aliyesimama mlangoni mwa chumba chao, alimwona baba yake akiinua macho na kumtazama yeye, mara moja tu, kisha akayarudisha chini. Sasa alikuwa amejua ni nani.

"Kazi ni yangu," Shivachi alisema. "Nitairudia."

"Hutairudia. Nitatafuta mtu mwingine. Na zile ploti tatu uzisahau."

Kavetsa alidhani baba yake atamtaja, hakumtaja. Kumbe angesimama pale, atukanwe na watu kumi, apoteze kazi aliyoingoja miaka minane, na asiseme. Kavetsa alipenya katikati ya watu.

"Ni mimi," alisema. "Baba aliniambia nibandue yote. Ukuta huu sikubandua. Niliukandika juu ya karatasi, nikamdanganya."

Watu walitazamana, wengine wakaguna.

"Amemfundisha mtoto aseme hivyo," mtu alisema nyuma.

"Sikufundishwa. Njooni muone."

Aliingia bafuni, Kiragu na Mama Aoko wakamfuata. Pale plasta ilipotoka, tabaka la udongo lilikuwa limebaki kwa sehemu, na juu yake yale mapinde ya vidole. Kavetsa aliweka mkono wake. Vidole viliingia katika mifereji ile kama mguu katika kiatu chake. Kiragu naye akajaribu mkono wake, ukafunika mifereji yote.

Mama Aoko alimgeukia Kavetsa. "Na kama ingemwangukia mtoto wangu kichwani, ungetuletea ndege wa buluu matangani?"

Kavetsa alilia, na hakuna aliyemnyamazisha.

Kiragu alirudi uani. Alimwambia Shivachi kwamba ana mpaka Alhamisi jioni, na kwamba huko si kusamehewa ila ni kukosa muda wa kutafuta mwingine vizuri. Wapangaji wakatawanyika wakinung'unika.

Siku hiyo Shivachi hakwenda mjengoni. Hakumpiga bintiye wala hakumsemesha. Alimpa kisu na ndoo ya maji. Kavetsa alibandua ukuta wa nne kuanzia juu hadi chini, akaukwaruza, akauosha, akaungoja ukauke, akaukwaruza tena mpaka kucha zikamuuma. Nyuma ya karatasi aliona alichokuwa amekifunika. Kuvu ilikuwa imetambaa hata pale ambapo ndege walionekana wazima, na mayai ya mende yalijipanga kama punje za maharagwe.

Baba yake alisema udongo umeshaloa na plasta itahitaji kitu cha kushikilia. Akamtuma kwenye vioski kuokota vizibo vya soda. Kila kizibo kilipigiliwa msumari ukutani, meno yakitazama nje, ili saruji iyaume. Vilihitajika vingi. Aoko, aliyekuwa amekaa uani na mguu uliofungwa kitambaa, alimtazama akipita mara tatu na mfuko mtupu.

"Nyuma ya ile baa ya kona vimejaa," alisema hatimaye. "Mimi siendi. Umenivunjia mguu."

"Sikukuvunja. Umechubuka."

"Basi nenda mwenyewe, mwongo."

Kavetsa alikwenda, na kweli vilikuwa vimejaa. Kufikia Alhamisi jioni baba yake alikuwa ameupiga ukuta plasta mpya.

Ijumaa bwana afya alikuja. Aligonga kila ukuta kwa kifundo cha kidole, ameinamisha sikio. Nyuma ya mlango aligonga mara nyingi zaidi, kwani Mama Aoko alikuwa ameshamweleza. Plasta ilitoa sauti nzito, ya kitu kilichoshikamana. Akaandika, akapiga sahihi, akaenda zake.

Kiragu alimwambia Shivachi aje Jumatano aione ploti ya pili, mojawapo ya zile tatu. "Na huyo binti umwache nyumbani," aliongeza.

"Nitakuja naye," Shivachi alijibu. "Nikimwacha nitakuwa nimemfundisha nini?"

Kavetsa alikuwa akisafisha karai karibu na mfereji wa maji. Mama Aoko alikuja kuteka maji, akasimama kando yake mpaka debe likajaa. Kavetsa aliinama, akisubiri matusi.

"Mimi na mama yako hatukupatana," Mama Aoko alisema. "Hilo unalijua. Lakini nilikuwapo siku alipoibandika karatasi ile. Alikaa siku mbili anakwaruza ukuta kabla hajaleta ule uji wake. Nilimcheka. Nikamwambia, bandika tu, nani ataona kilicho chini? Akaniambia, 'Mimi nitajua.'"

Kavetsa alinyanyua uso.

"Uliificha karatasi yake ukafikiri umemtunza. Hukumtunza. Ulichukua kazi ya mtu mwaminifu ukaifanya pazia la uongo, na uongo ukamwangukia asiyehusika. Karatasi huoza, mtoto. Ile ingeoza hata kama angekuwa hai, na yeye mwenyewe ndiye angekuwa wa kwanza kuibandua. Ukitaka mama yako abaki katika ploti hii, fanya kazi ambayo huogopi mtu aigeuze atazame nyuma." Aliinua debe, akajitwisha. "Na mguu wa mwanangu bado sijausahau."

Akaenda. Kavetsa alimaliza kusafisha karai. Aliligeuza, akaona saruji iliyoganda chini yake, mahali ambapo hakuna ambaye angetazama. Akachukua jiwe, akaanza kusugua.