Mwosha Aliyekuja Mapema

Kila asubuhi Mwanahija alichota maji kisimani, akafagia ua, kisha akafua winda za mdogo wake mchanga. Kazi hizo alizifanya huku akiimba. Iliyomtia kichefuchefu ni kazi ya mwisho, kuingia chumbani kwa bibi yake.

Ilikuwa miaka ya vita vya Hitla, na sabuni ilikuwa adimu pale Mlingotini. Bibi Mwanamkasi alilala kitandani tangu mwezi wa Ramadhani, na waganga walikwisha kata tamaa. Mgongo ulimchubuka ukafanya kidonda, nacho kilinuka kama samaki aliyeoza. Baba alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge. Mama yake, Ashatu, alikuwa mzazi, hajatimiza siku arobaini tangu ajifungue. Basi bibi aliangukia mikononi mwa mtoto wa miaka kumi na miwili.

Mwanahija alijifunga upindo wa kanga puani, akaingia mbio, akaweka uji na kata ya maji kando ya kitanda, akatoka. Hakumgeuza bibi wala hakumtazama usoni. Jioni alikuta uji umeganda na maji yako vilevile. Alimwaga vyote uani kwa kuku, na moyoni alifurahi, maana usiku huo shuka isingelowa.

"Bibi amekunywa?" mama aliuliza kutoka chumbani kwake.

"Amekunywa, mama."

Ijumaa moja Bi Dija, mwanamke aliyekuwa akiosha maiti kijijini, alipita nyuma ya nyumba akaisikia ile harufu dirishani. Alibisha hodi. Watu walimheshimu sana Bi Dija, lakini kwenye nyumba yenye mgonjwa hawakutaka akanyage. Walisema ni uchuro.

"Shikamoo, Bi Dija," Mwanahija alisema, akiwa amesimama katikati ya mlango asimpe njia.

"Marahaba, mwanangu. Bibi yako amelala wapi?"

Mama alitoka na mtoto kifuani. "Dada Dija, tafadhali usiingie. Mama bado yu hai."

"Ndiyo maana nimekuja leo," Bi Dija akajibu, akaingia.

Alipokifunua kidonda, Mwanahija aliona usaha, na ndani yake funza wanatambaa. Alikimbilia uani akatapika. Aliporudi alitegemea kugombezwa, lakini Bi Dija alimwambia tu apanguse mdomo, akachemshe maji ya chumvi.

Mwanahija aliporudi na maji, kanga ameifunga tena puani, Bi Dija alimwinua bibi kichwa. "Mbona midomo imepasuka hivi? Hawakupi maji?"

"Wananipa," bibi alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Mimi ndiye siyataki. Nikinywa nitalowesha kitanda, na mke mwenzangu huyu, mjukuu wangu, ataziba pua. Heri kiu."

Mwanahija alijionea kinyaa mwenyewe. Bibi alikuwa anakufa kwa kiu ili yeye asinuse mkojo, na winda za mtoto alizifua kila siku bila kujifunika kitu. Alifungua ile kanga puani, akamweleza mama ukweli wote huku analia.

Kidonda kiliposafishwa, Bi Dija aliomba udi na marashi.

"Tumeviweka kwa ajili ya mazishi," mama alinong'ona.

"Maiti hanusi, Ashatu. Vilete."

Tangu siku ile Mwanahija alimgeuza bibi, akamwosha, akamnywesha maji kwa kijiko. Kinyaa hakikumwisha. Alimeza mate, akaendelea. Bibi naye alikunywa, akamsimulia vituko vya harusi yake. Alikata roho asubuhi moja, kichwa kikiwa mapajani mwa Mwanahija, mama akimtamkia shahada sikioni.

Msibani wanawake walijaa. Wale ambao hawakutia mguu siku za kidonda ndio waliolia kwa sauti kubwa kuliko wote. Mwanahija aliwatazama akasikia kichefuchefu kuliko siku ya funza. Alimfuata Bi Dija uani.

"Wanatia kinyaa," alisema, machozi yakimtiririka. "Na mimi nilikuwa kama wao."

"Kuona kinyaa si dhambi, mwanangu. Hata mimi hunishika," Bi Dija alisema. "Lakini mgonjwa huutazama uso wa anayemuuguza. Akikiona kinyaa pale, huona haya kuwa hai. Bibi yako hakufa na kiu, wala hakufa peke yake. Leo mimi nimeosha mwili tu. Wewe ulimwosha angali anajua ni nani anayemshika."