Kasoro ya Kigari cha Buluu

Mkunga aliingia kwenye yadi ya magari ya mtumba Jumamosi asubuhi, gauni la njano limemkaa utadhani lilishonwa akiwa ndani yake. Dalali, aliyekuwa akiosha vioo, akajimwagia ndoo nzima ya maji miguuni.

"Pole, kaka," Mkunga akacheka. "Natafuta gari dogo, lisile mafuta, lisinilaze njiani. Ndiyo la kwanza hili, kwa hiyo usinidanganye. Natoka zamu alfajiri miguu imevimba, nimechoka kugombea basi."

Akaenda moja kwa moja kwenye kigari cha buluu. Hapo ndipo akili ilipomruka Dalali. Kigari kile kilikuwa kizima kuliko vyote pale yadini, naye alijua. Lakini mteja akishapata gari, anarudi kufanya nini?

"Hicho hapana, dada. Gia zinateleza."

Jumamosi iliyofuata akamkataza cheupe: injini inakunywa oili. Iliyofuata, cha kijivu: kilizama kwenye mafuriko, hebu nusa mazulia. Hayo mawili yalikuwa kweli, tumpe haki yake. Katikati ya wiki simu hazikukatika.

"Umenipatia gari?"

"Bado. Nimepata sababu ya kukupigia."

"Dalali gani wewe hutaki kuuza?"

"Anayetaka urudi, mrembo."

Mkunga, akiwa wodini, alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha dirishani akauliza ni nani huyo.

Balaa lilikuja limevaa ovaroli. Mkunga alimleta mjomba wake, fundi wa gereji. Mjomba aligusa kwanza boneti ya kigari cha buluu, maana injini iliyopashwa moto kabla mteja hajafika huficha maradhi. Ilikuwa baridi. Akaiwasha, ikaitika mara moja. Akachungulia uvunguni, hapavuji kitu. Akakizungusha mtaani, akarudi anapiga mluzi.

"Gia zinaingia zenyewe! Nani kasema zinateleza?"

Mkunga akamgeukia Dalali. Dalali akawa anaangalia tairi.

"Kumbe nasimama kituoni alfajiri yote ile, na wewe unajua gari langu liko hapa?"

"Nilitaka urudi tu..."

"Ungeniambia hivyo! Ningerudi na miguu yangu hiyo hiyo iliyovimba!"

Akaondoka. Simu za Dalali akaziacha ziite. Dalali aliumia, tena sana, chakula hakikupita. Mteja mwingine alipokitaka kigari kile, akajikuta anasema tena kwamba gia zinateleza. Shangazi yake, mwenye yadi, akasikia.

"Unanifukuzia wateja kwa ajili ya mapenzi? Lete namba ya huyo binti!"

Akapiga kwa simu yake mwenyewe. "Mwanangu, kigari chako bado kipo. Na huyu mpumbavu wangu yupo. Njoo uchukue unachotaka."

Mkunga akaja, akamalizana na Shangazi, akaketi nyuma ya usukani bila kumtazama mtu. Dalali akainama dirishani.

"Kina kasoro moja. Safari hii kweli. Mlango wa abiria haufunguki kwa ndani."

"Panda nione."

Akapanda, akafunga, akavuta kitasa. Wapi! Mkunga akatia gia, wakatoka getini.

"Tunaenda wapi?"

"Kokote. Hushuki mpaka useme yote uliyonificha."

Dalali akaanza kuhesabu kwa vidole. Oili, kweli. Mafuriko, kweli. Gia, uongo, na anajuta. Halafu yakamtoka yaliyobaki: kwamba anampenda tangu ile ndoo, kwamba hana usingizi, kwamba anataka kumuoa.

Mkunga akapunguza mwendo. Akaegesha kando ya barabara, akashuka, akazunguka mbele ya gari na gauni lake la njano, akaufungua mlango wa abiria hadi mwisho.

"Haya. Sema tena, mlango ukiwa wazi."

Dalali akasema tena. Hakushuka.