Waya wa Tatu wa Kabati la Moshi

Tekla na mumewe Eusebio wanaishi nje kidogo ya mji wa Lindi. Kazi yao ni kukausha nyama ya nguruwe kwa moshi. Mtoto wao wa kwanza anaitwa Deo. Kwa hiyo majirani humwita Tekla Mama Deo, naye Eusebio huitwa Baba Deo.

Hawatumii moto wa kuni. Wana kabati la chuma, refu kama kabati la nguo. Chini ndani yake kuna koili ya umeme. Juu ya koili kuna sinia lenye vipande vya mti wa mwembe. Koili ikipata moto, vipande vinafuka moshi. Nyama iliyoning'inizwa juu inaiva polepole.

Chumba cha kabati kina sakafu ya saruji. Tekla ni mtu wa usafi, tena usafi wa kukera. Kila asubuhi anamwaga maji na kusugua. Ndala zote zilikuwa zinabaki nje ya mlango.

"Hapa ni chakula cha watu," alikuwa akisema. "Matope ya sokoni yabaki huko huko." Hata Baba Deo aliingia peku.

Baada ya msimu wa korosho, mdogo wake Tekla alikuja kutoka Rutamba. Jina lake Consolata. Alitaka kujifunza kazi, kisha akafungue yake huko kwao. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha karibu.

"Dada, saruji yako ina baridi," alilalamika. "Miguu yangu itaota uyoga."

"Ikiota tutaipika," Tekla alimjibu. "Vua ndala."

Masika yalipoanza, nyama ikaanza kuharibika. Nje ilionekana imekauka vizuri. Ndani ilikuwa mbichi na imechacha. Mteja mmoja aliirudisha na kuitupa mezani mbele ya watu. Tekla aliona aibu kubwa.

"Koili imechoka," Eusebio alisema. "Joto lake ni la kuangulia mayai. Nitaweka kubwa zaidi."

Alipata koili ya oveni iliyoharibika kwenye nyumba moja ya wageni. Ilikuwa nene, na nguvu yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya zamani.

Consolata aliitazama. "Shemeji, si umwite Stella?"

Stella ni jirani yao. Ni fundi umeme, amesomea kazi hiyo.

"Tumwite Stella kwa skrubu mbili?" Eusebio alicheka. "Hii naiweza."

Eusebio si fundi umeme. Lakini nani kati yetu hajamwona mwanamume anayedhani kushika bisibisi ni sawa na kuwa na cheti?

Alichomoa koili ya zamani. Waya uliotoka ukutani ulikuwa na nyaya tatu ndani yake. Mmoja ulikuwa wa kahawia, mmoja wa bluu, na wa tatu wa kijani wenye mstari wa njano. Huu wa tatu ulikuwa umefungwa kwa bolti kwenye chuma cha kabati. Bolti hiyo ilizuia koili kubwa isikae vizuri.

"Koili ina skrubu mbili," Eusebio alisema. "Waya wa tatu ni wa nini?"

Akaung'oa, akaukata. Akafunga zile mbili zilizobaki. Akachomeka plagi. Koili ikawa nyekundu, moshi ukajaa, na jioni nyama ikatoka imeiva mpaka kwenye mfupa. Wote walifurahi. Plagi ilikuwa ya moto na chumba kilinuka mpira. Walifungua dirisha, harufu ikapungua, wakasahau.

Siku chache baadaye Consolata aliruka nyuma kutoka kwenye kabati.

"Dada, mlango huu unauma!"

"Unauma vipi?"

"Kama sisimizi wengi, mpaka kwenye kiwiko."

Tekla aliitazama mikono ya mdogo wake. Ilikuwa na michubuko midogo ya kisu, kama mikono ya kila anayekata nyama. Na nyama hiyo hupakwa chumvi kwa mikono mitupu.

"Ni chumvi hiyo," Tekla alisema. "Unashika chumvi na vidonda, halafu unashangaa mikono kuwaka? Kanawe uendelee."

Consolata alinawa, akaendelea. Tangu siku hiyo, mlango ukimuuma mmoja wao, wenzake walimcheka. "Chumvi imekupata!" walisema. Ukweli ni kwamba mikono yao iliwasha kutwa kwa sababu ya chumvi. Ndiyo maana hawakujua kutofautisha. Inauma kuliandika jambo hili, kwa sababu waliambiwa mapema. Kabati lenyewe liliwaambia kila siku.

Jumamosi moja kulikuwa na nyama ya sherehe ya ubatizo. Tekla alikuwa ametoka kuosha sakafu, na maji yalikuwa bado hayajakauka. Consolata alivua ndala, akaingia, akashika komeo la kabati.

Tekla alikuwa mlangoni. "Ndimu za kuoshea nyama umeziweka wapi?" aliuliza.

Consolata hakujibu. Consolata, ambaye hakuwahi kukosa jibu. Tekla aliinua macho. Mwili wa mdogo wake ulikuwa unatetemeka na mkono umeng'ang'ania komeo. Tekla alikimbia kumvuta.

"Usimguse!" Eusebio alipiga kelele. Alimshika mkewe kiunoni, akamrudisha nyuma. Kisha akakimbilia swichi kuu ya nyumba, akazima. Consolata akaanguka.

Hapo Eusebio alifanya sawa. Angemwacha mkewe amguse mdogo wake, yangekuwa majeneza mawili.

Stella alisikia kelele, akaja mbio. Alipiga magoti majini, akamkandamiza Consolata kifuani kwa nguvu na kwa haraka, bila kuacha, mpaka gari la kumpeleka hospitali likaja. Hospitali walisema ameshafariki.

Walimzika Rutamba. Mama yao, Bi Magdalena, alimwita Tekla pembeni baada ya mazishi.

"Mwanangu alisema kitu kabla?" aliuliza.

"Alisema mlango unauma, mama."

"Ukamjibu nini?"

Tekla alilia kwanza. "Nilimwambia ni chumvi."

Mama alijifunika kanga yake usoni. Hakusema tena na Tekla, siku hiyo wala miezi iliyofuata.

Kabati lilikaa limefungwa. Nyumbani maneno yalikuwa machache. Asubuhi moja Eusebio alisimama nje ya chumba cha kabati ameshika waya mpya.

"Mama Deo, lazima tufanye kazi. Nitabadilisha waya, yataisha."

"Ukiliwasha hilo kwa mkono wako, mimi naondoka," Tekla alisema. "Na sisemi kwa hasira. Namwita Stella. Akisema litupwe, tutalitupa."

Eusebio aliweka waya chini. Alikuwa amekonda.

Stella alikuja. Kwanza alizima swichi kuu. Kisha akachomoa plagi. Kisha akapima kwa kifaa chake kuhakikisha hakuna umeme. Ndipo akafungua kabati. Aliwaonyesha mahali ambapo waya ulipita kwenye tundu la chuma. Mpira wake ulikuwa umeyeyuka, na shaba ilikuwa imegusa bati.

"Baba Deo, kuweka koili kubwa si kosa," Stella alisema. "Lakini koili kubwa inavuta umeme mwingi. Waya huu mwembamba ulikuwa wa koili ndogo. Ukapata moto, mpira ukayeyuka. Ile harufu mliisikia?"

"Tuliisikia," Eusebio alijibu kwa sauti ndogo.

"Harufu ya mpira ni ya kuzima na kuita fundi, si ya kufungua dirisha. Na mlango ulipowauma, huo ulikuwa umeme umeanza kuvuja. Maji ya chumvi yalikuwa yanadondokea kwenye skrubu."

"Na ule waya wa kijani?" Tekla aliuliza. Alikuwa anajua jibu litauma, akauliza hivyo hivyo.

"Ule hauendi kwenye koili kabisa. Unafungwa kwenye chuma cha kabati, na mwisho wake uko kwenye fimbo iliyozikwa ardhini. Umeme ukivuja, unapita humo kwenda ardhini. Usipokuwepo, umeme unatafuta njia nyingine. Njia hiyo ni mtu, hasa mtu peku kwenye maji."

Eusebio alikaa chini kwenye saruji. "Niliukata mimi," alisema. Hakuna aliyembishia.

Stella alifanya kazi siku nzima. Aliweka waya mnene unaolingana na koili. Ndani ya kabati alitumia waya maalumu usioyeyuka kwa joto. Alifunga waya wa kijani kwa bolti kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Alikuta fimbo ya ardhini imelika kwa kutu, akazika mpya. Mwisho alifunga swichi ya kinga ukutani.

"Hii inapima umeme unaokwenda na unaorudi," alieleza. "Ukivuja kidogo tu, inakata. Kila mwezi bonyezeni kitufe hiki kuijaribu. Isipokata, msitumie kabati. Na viatu, Mama Deo."

Tekla alinunua viatu vya mpira. Vinakaa chumbani, vinaoshwa, havitoki nje. Usafi upo pale pale. Hakuna anayeingia peku tena.

Kazi ilirudi. Nyama ilitoka imeiva, nje na ndani. Lakini kicheko chumbani hakikurudi.

Asubuhi moja Tekla alikuwa ameshika komeo la kabati. Ndani, maji ya chumvi kutoka kwenye paja la nguruwe yalikuwa yamedondokea skrubu za koili. Ghafla ikasikika "tak!" ukutani. Taa ikazimika. Koili ikaanza kupoa.

"Nani kazima?" Eusebio aliuliza kutoka nje.

"Hakuna," Tekla alijibu. "Imejizima."

Mkono wake ulikuwa bado uko kwenye komeo. Hakuhisi kitu chochote, hata sisimizi mmoja. Alikaa juu ya ndoo, akalia mpaka Eusebio akaja kumshika bega.

Baada ya Stella kuja na kufunika zile skrubu zisipate maji tena, Tekla alichukua simu. Alimpigia mama yake Rutamba. Safari hii mama alipokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, leo umeme ulivuja tena kwenye lile kabati. Nilikuwa nimelishika. Fundi alituwekea swichi, ikakata. Mimi ni mzima."

Tekla alisikia kuku wakilia kule uani kwao.

"Namshukuru Mungu kwa ajili yako," Bi Magdalena alisema mwishowe. "Lakini mwenzako, mbona hamkumwekea?"