Ua Aliloacha Mama Mkwe

Gunhild, jirani yetu wa nyumba ya pili hapa Härnösand, Uswidi, aliurithi ule mmea wiki aliyozikwa mama mkwe wake. Ulikuwa mmea wa kutambaa, wa majani mazito, ulioishi miaka arobaini dirishani kwa marehemu. Wifi yake, Kerstin, aliuleta umefunikwa blanketi usipigwe na baridi.

"Usiukate, wifi," alisema. "Mama hakuniruhusu hata kuugusa."

"Mimi na mikasi wapi na wapi!" Gunhild alicheka, akamimina kahawa.

Februari, theluji ikiwa imeziba nusu ya kioo, mmea ukachanua. Vishada vya nyota za rangi ya waridi, kama za nta, kila nyota na tone lake. Wiki ya kwanza vilinukia kama asali. Ya pili vikanuka kama bandeji iliyolowa usaha. Matone yaliangukia mezani yakavutika kama makamasi. Gunhild aliyapangusa akiziba pua. Torbjörn, mumewe, aliyazoa kwa kidole akakilamba.

"Wewe! Huoni hata kinyaa?"

"Tamu," alijibu bila kumtazama.

Jumapili moja mchana Gunhild alitoka kufua akamkuta amesimama chini ya maua. Macho kafumba. Mdomo wazi. Koo likipanda na kushuka. Ute ulimchuruzika kidevuni.

"Torbjörn," aliita kwa sauti ya chini.

Hakusikia. Alikuwa ananyonya.

Gunhild akashika mikasi. Akakata shina.

Yakatoka maziwa. Meupe, mazito. Yakammwagikia mkononi. Yalikuwa na joto.

"Umemkata," Torbjörn alinong'ona.

Gunhild akakipindua chungu kwenye sinki. Mizizi ilikuwa imekumbatia kitu cha urefu wa kidole, kimefungwa uzi. Kitovu cha mtoto mchanga. Hakikuwa kimekauka. Kilikuwa kibichi, kinateleza, kinapwita kama mshipa wa shingo. Akakibana kwa koleo, akakitupa ndani ya jiko la kuni, akafunga mlango.

Torbjörn alianguka sakafuni akijishika tumbo, akalia kwa sauti nyembamba ya kichanga. Kisha akanyamaza, akasinzia.

Gunhild alimvua shati amwoshe ule ute. Akatazama. Akasogeza taa, akatazama tena.

Tumbo la mumewe lilikuwa laini kama kiganja. Hapakuwa na kitovu. Wala kovu.

Kesho yake daktari aliligusa tumbo hilo kwa ncha ya kidole. Hakuandika kitu. Alienda kunawa mikono, akarudi, akaenda kunawa tena.