Spea ya Lami

Alhamisi, saa kumi jioni.

Chumba kilikuwa nyuma ya gereji ya Isaiah, Dagoretti Corner. Tairi kuukuu zilipangwa hadi darini. Palinuka mpira, gundi na chai iliyochemka mara mbili. Watu walikuwa wanne. Mlango ulikuwa umefungwa.

Kitavi, mkubwa wao, alichuchumaa akachora kwa chaki sakafuni.

"Hapa ni Hurlingham. Ghorofa ya kwanza. Kuna mzee anauza mawe ya thamani, ya kijani, zile zinachimbwa Taita. Kesho asubuhi anazitoa kwa sefu, kuna wanunuzi wanakuja. Wanunuzi ni mimi na Makau."

"Nitavaa suti?" Makau aliuliza.

"Utavaa."

"Basi Mungu ni mkubwa."

Makau alikuwa binamu yake Kitavi. Kifua kama mlango, sauti ya mtu mpole. Hakubeba silaha. Mguu wa kuku, yaani bastola, aliushika Kitavi mwenyewe, na hakuna aliyewahi kuombwa amshikie.

"Tukitoka, tunatembea. Hakuna kukimbia. Wavinya ako nje na Range Rover. Tunapanda Ngong Road, tunapita Karen, tunapita Ngong. Mbele huko lami inaisha. Tunashuka bondeni kwa mawe mpaka tutokee Narok. Karao, polisi wote, watafunga barabara zote kubwa. Kwa mawe hakuna mtu."

"Na kwa nini Range?" Makau tena.

"Gari ndogo kama Probox inasimamishwa. Range inapigiwa saluti."

Wavinya hakucheka na wengine. Yeye ndiye dereva. Zamani alipeleka watalii Magadi na Amboseli, akijua kila jiwe kwa sauti yake chini ya gari. Kisha siku moja alimwendeshea Kitavi kazi kama hii, mambo yakaharibika, wenzake wakatawanyika, akakamatwa peke yake kwenye usukani. Akafungwa jela ya Lang'ata. Mama yake alizikwa Mwingi naye yuko ndani, akihesabiwa asubuhi na jioni. Hakuna aliyemtembelea ila Kitavi. Kila mwezi alileta sabuni na sukari, akakaa kidogo, akaondoka. Wavinya hakuusahau wema huo, ndiyo maana jioni hii alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu. Ila alikuwa amejiapia: Lang'ata harudi. Heri afie bondeni.

"Mkubwa," alisema, "na tairi ziko kwa hiyo Range saa hii hazifiki."

"Kwani zina nini?"

"Rimu kubwa, mpira mwembamba kama mshipi. Hizo ni za kuringa Kileleshwa. Zikigonga jiwe moja, rimu inakunjika na sisi tunatembea kwa miguu."

Isaiah, fundi, alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa mzee wa Kakamega, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. "Mama anasema ukweli. Tuweke rimu ndogo kidogo, mpira uwe na nyama. Ubavu mnene, meno mapana. Na mkitoka kwa lami, simameni mpunguze pumzi. Tairi ilale kidogo, ikumbatie jiwe. Tairi ngumu inapasuliwa."

"Na spea mbili," Wavinya akaongeza. "Kamili. Sawa na hizo nne. Kule pancha haiji peke yake."

Kitavi alipangusa chaki vidoleni. "Spea mbili zinajaza buti."

"Buti tunabebea nini? Si mawe yako yanaingia kwa mfuko wa shati."

Makau alicheka. Kitavi naye akacheka, lakini alichelewa kidogo. Akasimama, akampiga Wavinya bega taratibu.

"Utapata mbili, dada yangu."

Kitavi hakuwa mtu wa kugusa watu bega. Wavinya aliuhisi mkono ule begani njia nzima hadi nyumbani, kama mtu aliyewekewa kitu asichokiomba.

Ijumaa, saa moja asubuhi.

Alifika kabla ya wengine. Range ilikuwa uani, nyeusi, imepanda juu kidogo kwa tairi zake mpya. Aliinama akapitisha kidole kwenye meno ya kila moja. Akabonyeza ubavu. Mnene kweli. Hizi zilikuwa mali halisi, hakuna aliyebania. Moyo wake ukatulia.

Isaiah alimletea chai na mandazi mawili ndani ya gazeti.

"Kula, mama. Njia ni ndefu."

"Asante, mzee."

Lakini Isaiah hakumtazama usoni. Alirudi kufuta spana ambayo ilikuwa safi tayari.

Wavinya alifungua buti. Kifuniko cha chini, ambacho hukazwa kwa skrubu, kilikuwa kimelegea upande mmoja, kama ulimi. Akakiinua.

Spea ilikuwa moja. Na haikuwa spea. Ilikuwa kile kigurudumu chembamba cha dharura, cha kumtoa mtu barabarani hadi gereji ya karibu, kwa lami, kwa mwendo wa polepole. Kwenye mawe kingekufa kabla ya dakika kumi.

"Mzee. Spea zangu ziko wapi?"

"Mkubwa alinipigia. Akasema hiyo inatosha."

"Inatosha nani?"

Isaiah alifuta spana. "Kunywa chai, mama. Itapoa."

Alisimama na kikombe mkononi. Alimshuku kwanza Isaiah. Labda amewauza kwa polisi. Lakini mtu anayekuuza hakuachii kifuniko wazi. Au alisahau tu kukikaza? Hakujua. Kisha akafikiria ubahili, nao ukakataa kukaa mahali pake, maana zile nne zilinunuliwa za bei kali bila mabishano. Zile nne zilikuwa nje, kila mtu aliziona. Ya tano ilikuwa imefichwa.

Ndipo wazo likamjia, polepole, kama maji yanavyopenya chini ya mlango. Mtu anayeenda kwenye mawe habebi spea ya lami. Labda Kitavi mwenyewe safari yake inaishia kwenye lami.

Aliweka kikombe chini atafute njia ya kutoka. Lango likafunguliwa, Kitavi akaingia, akasimama palepale langoni.

"Mbona umefungua buti?"

"Nilikuwa naweka mandazi."

Makau alifuata, suti imembana mabega. Aliona vumbi kwenye kiti cha dereva, akalifuta kwa mkono wa ile suti ya kuazima. "Keti, mkubwa wa barabara," alisema.

Wavinya akaketi. Alitaka kumwambia. Lakini Kitavi alikuwa ameshaingia nyuma, na koti lake lilikuwa zito upande mmoja.

Saa nne.

Askari wa lango la ofisi, Hurlingham, aliwafungulia bila kuuliza majina. Wavinya aligeuza gari, pua ielekee nje. Wanaume wawili wakapanda ngazi.

Alingoja. Mama mmoja alipita na mboga. Mtu wa bodaboda alikuwa akipiga mswaki kando ya barabara ya Argwings Kodhek. Wavinya angeweza kuondoka sasa. Gari lilikuwa mkononi mwake, barabara ilikuwa wazi. Lakini huko juu alikuwa Makau, aliyefuta kiti. Mkono wake ulikaa kwenye gia, haukusogea.

Walitoka wakitembea. Kitavi alikuwa na mkoba mdogo wa ngozi chini ya kwapa. Mlango ukafungwa. Range ikaondoka kwa heshima zake, kama gari la mtu anayechelewa mkutano.

Walipopita Dagoretti Corner ndipo Kitavi alipofungua mdomo.

"Huyu mjinga amempa mtu maji."

"Nani?" Wavinya aliuliza.

"Huyo sekretari wa mzee. Mimi nimeshika bastola, yeye anatafuta glasi."

"Alikuwa anatetemeka," Makau alisema. "Mama mzee vile. Angeanguka."

"Amekuona uso."

"Si hata wewe amekuona, ukipiga kelele."

Kwenye kioo, Wavinya alimwona Kitavi akiangalia simu yake. Akaandika. Akaangalia tena.

"Unamwandikia nani, mkubwa?"

"Endesha."

Karen. Kisha Ngong. Nje kidogo ya mji polisi walikuwa wameweka vizuizi vya misumari barabarani. Probox mbili na lori zilikuwa pembeni zikikaguliwa. Afisa mmoja aliona Range, akarudi nyuma hatua, akaipungia ipite.

"Si niliwaambia," Kitavi akasema.

Saa sita kasoro.

Lami ilianza kuchakaa. Vilima vilibaki nyuma. Mbele, bonde lilifunguka, kahawia na tupu, mawe yakimetameta kwa jua. Kando ya barabara, chini ya migunga mitatu, Probox nyeupe ilisimama, boneti juu. Hakuna mtu aliyekuwa akiitengeneza. Dereva alikuwa ndani, akila njugu.

"Simamisha hapo," Kitavi alisema. "Nijisaidie."

Wavinya aliona jinsi alivyokuwa amekwisha kuukumbatia mkoba. Mtu haendi kujisaidia na mkoba.

Hakusimama.

"Wavinya. Hapo."

"Jisaidie kwa mawe, mkubwa. Kuna nafasi."

Lami ikaisha. Range ikaruka, ikatua kwenye vumbi. Alijua afanye nini: asimame, apunguze pumzi, tairi zilale. Lakini kusimama ni kumfungulia mlango. Akaingia kwenye mawe na tairi ngumu vile vile, gari likigonga na kulia.

"Rudi," Kitavi alisema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Nakuambia rudi. Spea haiwezi huku."

Jiwe likagonga chini.

"Spea gani haiwezi?" Makau akauliza. "Si ziko mbili?"

Wakaenda mwendo kidogo zaidi, mteremko ukiwa mkali, na jiwe lenye ncha likaupata ubavu wa tairi ya nyuma. Mlio ulikuwa mfupi. Gari likainama upande mmoja. Wavinya akalizima.

Makau alishuka. Walimsikia akifungua buti, akiinua kifuniko. Alikaa huko kwa muda kuliko kazi ilivyohitaji. Aliporudi, Kitavi alikuwa ameshashuka upande wa pili, mkoba kifuani.

"Binamu," Makau alisema. "Ulikuwa unatuacha."

"Msifanye iwe mambo makubwa. Gari lingekwama, mngeshikwa, mawe hamna. Mngefungwa kidogo tu."

"Kidogo."

"Ningewaletea sabuni. Na sukari. Kwani niliwahi kumtupa Wavinya?"

Kumbe ile sabuni ilikuwa malipo ya kumwacha Wavinya akamatwe peke yake. Miezi yote ile, alipoinusa kitandani, alidhani ni wema.

Makau aliendea mkoba mikono mitupu, bila haraka, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Bastola ikalia mara moja. Kunguru wakaruka. Makau aliketi chini, akashangaa, akashika paja lake, na damu ikaanza kupita kati ya vidole.

Kitavi aliwatazama wote wawili. Kisha akageuka, akapanda mteremko akikimbia kuelekea lami, viatu vyake vya kung'aa vikiteleza. Mara wakasikia injini ya Probox ikiwaka kwa mbali, ikaondoka.

Wavinya alivua kitambaa cha kichwani, akafunga paja kwa nguvu zake zote. Makau aliuma meno.

"Dada, sikiliza. Hapo chini kuna boma. Utapata pikipiki. Jioni uko Narok."

"Nyamaza."

"Ukirudi juu ni karao. Unajua ni karao."

Alijua. Alitazama bonde. Moshi mwembamba ulipanda kutoka bomani, karibu kabisa. Mtu wa kutembea haulizwi nambari za gari. Narok, kisha mpaka, kisha hakuna mtu wa kumhesabu tena. Njia ilikuwa pale, na miguu yake ilikuwa mizima.

Alitazama paja. Kitambaa kilikuwa kimeshalowa.

Akatoa jeki. Akatafuta jiwe bapa la kuwekea chini yake ili isizame. Akalegeza nati, akizikanyagia spana kwa uzito wake wote. Tairi nene, iliyochanika, akaivingirisha pembeni. Akapachika kile kigurudumu chembamba cha dharura. Kilionekana kichekesho chini ya gari kubwa kama lile, kama mtu mzima aliyevaa kandambili ya mtoto.

"Hiyo haifiki popote," Makau alisema.

"Inafika lami. Na kwenye lami kuna hospitali."

Alimpandisha nyuma wakisaidiana, yeye akivuta, Makau akisukuma kwa mguu mzima. Wavinya akapunguza pumzi tairi tatu zilizobaki, kila moja, ingawa kila sekunde ilimuuma. Kisha akapanda mteremko jiwe kwa jiwe, akiibembeleza ile spea kama mtu anayebeba yai kijikoni. Makau alikuwa akiongea nyuma. Baadaye akaacha kuongea.

"Niambie kuhusu suti," Wavinya alimwambia.

"Ni ya jirani."

"Jirani gani?"

"Fidel. Nitamlipa aje, imeingia damu?"

"Endelea. Fidel anafanya kazi gani?"

Lami ikaja. Wakarudi kuelekea Ngong, taratibu, taa za dharura zikiwaka, rimu ya nyuma ikilia. Magari yaliwapita yakipiga honi.

Vizuizi vilikuwa palepale. Safari hii polisi walikuwa wengi zaidi, na redio zilikuwa zikizungumza. Mmoja aliinua bunduki. Wavinya hakugeuza. Alisimama mbele ya misumari, akashusha kioo, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani ionekane.

"Afande, ni mimi mnatafuta," alisema. "Lakini nina mtu nyuma anaishiwa damu. Fungua njia kwanza. Nitaongea yote tukifika hospitali."

Afisa alichungulia nyuma. Alikuwa kijana, shati limemkaa vizuri. Alimtazama Makau, akatazama kile kigurudumu, akamtazama Wavinya.

"Anaitwa nani?"

"Makau."

Afisa akampa mwenzake bunduki. Akavuta misumari pembeni kwa mguu, akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akakipakata kichwa cha Makau mapajani mwake.

"Endesha, mama," alisema. "Makau, fungua macho. Twende."