Usigeuke Ukipuliza

Jibini la asubuhi ile lilinuka nywele zilizoungua. Ilko alilionja, akalitema. Nje, mbwa walikuwa wamelala kwenye mvua, mbali na kibanda chenye moto.

"Lukyan," alimwita mdogo wake, mlinzi wa moto. "Huu moto umeuwasha na nini?"

"Mbona unauliza kama polisi?"

"Nijibu."

"Ulizimika jana. Nikatumia kibiriti cha gesi. Moto ni moto, kaka."

Mzee Tanasi, mkuu wa wachungaji, alisikia. Hakufoka. Kwenye malisho ya juu ya Karpati, moto wa kibanda huwashwa kwa jiwe na chuma siku mifugo inapopanda, na hauachwi ufe mpaka ishuke.

"Basi tangu jana hatuna kinga," alisema. "Umwagieni maji. Tunawasha upya."

Moto ulipozimwa, ukungu ulishuka, adhuhuri ile ile. Mbwa mmoja alilia. Kisha kichwa chake kikatupwa mlangoni.

Lukyan alishika shoka, akatoka kabla hawajamzuia. Mzee akafunga mlango.

Kupitia ufa wa mbao Ilko aliona mwanamke akipita. Alipogeuka, hakuwa na mgongo. Mapafu yake yalikuwa yakipanda na kushuka, hayakufunikwa na kitu.

"Nyavka," mzee alinong'ona. "Jini la msituni. Piga jiwe wewe, mimi nitashika mlango. Ukianza kupuliza, usigeuke. Litaigiza sauti ya mdogo wako."

"Na yeye mwenyewe?"

Mzee alichungulia. "Kakimbilia bondeni. Nimemwona."

Ilko alipiga chuma kwenye jiwe. Cheche zilianguka juu ya uyoga mkavu wa mti, zikafa. Akapiga tena, akajichuna kidole, akapiga, mpaka cheche moja ikashika na uyoga ukaanza kufukuta.

"Kaka, fungua."

Akaufunga uyoga ndani ya nyasi kavu na magome, akapuliza polepole, huku mlango ukigongwa, huku sauti ikimwita kwa jina alilopewa na mama yao utotoni, huku kitu kikichanika kama ngozi ya kondoo inayochunwa, na sauti ikipanda, ikikatika, ikirudi ikiwa na maji ndani yake, na yeye akipuliza, machozi yakimwagika, akijiambia siye, siye, siye, hadi nyasi zikalipuka.

Kimya kikaingia. Ukungu ukaondoka.

Aligeuka. Mzee alikuwa ameegemea mlango kwa uzito wake wote, na damu ilikuwa ikipita chini, ikilowesha viatu vyake.

Ilko alimsukuma, akafungua. Lukyan alikuwa amelala kizingitini kifudifudi. Mgongo haukuwepo. Kucha zake zilikuwa zimebaki kwenye mbao.

"Ulijua ni yeye."

"Nilijua," mzee alisema. "Ungefungua, lingeingia naye."

Ilko aliokota shoka la mdogo wake. Mzee aliliona, wala hakusogea.

"Kwanza tia kuni," alisema. "Moto unafifia."

Ilko akatia kuni.